Mboga za Soko na Mboga za Nyumbani

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hii nimeitumia katika insha nyingi, na mwalimu akanipa tiki yake nyekundu. Lakini maana yake nilikuja kuielewa Julai mwaka jana, si darasani, bali nyuma ya jikoni kwetu hapa Sagana. Naomba nafasi katika jarida hili la chama chetu nieleze yaliyonipata, kisha nitoe maoni yangu.

Kwetu tuna matuta ya mboga sehemu mbili. Yale ya karibu na zizi la mbuzi ni ya kula sisi. Yale ya karibu na barabara ni ya kuuza, na pesa zake ndizo hulipia chakula changu cha mchana shuleni. Usidhani ni kwetu peke yetu. Tembea jirani na jirani, utaona nyumba nyingi zimegawa shamba hivyo. Ya nyumbani hupewa samadi tu. Ya soko hunyunyiziwa dawa mpaka majani yang'ae, maana mnunuzi hataki jani lenye tundu.

Basi Alhamisi moja jioni niliona chawa wa mboga kwenye sukuma wiki ya soko. Nikachukua bomba nikanyunyizia. Kulipopambazuka nikachuma na kufunga mafungu ya shilingi ishirini. Mama mmoja jirani, mwenye mtoto mchanga aliyeanza kula, akaniuliza, "Kijana, hizi hata nyinyi mnakula?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama, kila siku." Nilijiambia, aa, nani atajua?

Cucu alisikia. Yeye huniita "mume wangu" kwa kuwa nimepewa jina la babu. Jioni akaniambia kwa upole, "Mume wangu, fungu moja lilibaki. Nikupikie?" Nilinyamaza. Hakurudia swali, wala hakunigombeza. Alilitupa lile fungu shimoni, akachuma mboga za karibu na zizi. Nilikula lakini chakula hakikushuka. Asubuhi nilikwenda kwa yule mama kumrudishia shilingi zake ishirini na kumwambia kweli. Alikuwa ameshapika. Mtoto hakuugua, namshukuru Mungu. Hata hivyo, mama yule hajanunua mboga kwangu tena, na simlaumu.

Maoni yangu ni mawili. Kwanza, mboga ambayo huwezi kumlisha ndugu yako, usimuuzie jirani. Pili, wakati bora wa kuanza kulima mboga bila dawa ni huu wa baridi, ambao wengi wetu huutumia kuota moto.

Najua wapo watakaocheka. Watasema gathano si msimu wa kupanda. Kweli, sisi wa pande za Mlima Kenya tumezoea mvua mbili: mbura ya njahi ya Machi hadi Mei, na mbura ya mwere ya Oktoba hadi Desemba. Katikati, kuanzia Juni hadi Agosti, ni mawingu, manyunyu na baridi. Lakini tufikirie. Wakati wa baridi wadudu wengi huzaana polepole kuliko wakati wa jua kali la Januari na Februari. Maji nayo hayakauki haraka udongoni. Sukuma wiki, spinachi, karoti na dania hupenda hali kama hiyo. Isitoshe, hapa Sagana hatupati sakitu inayochoma mimea kama wenzetu wa juu kabisa, upande wa Nyandarua.

Si kila mmea lakini. Nyanya tuziache kwanza. Baridi na unyevu huleta ule ugonjwa unaochoma majani ya nyanya na viazi kama yamemwagiwa maji moto. Ndugu msomaji, ugonjwa huo si mdogo. Ndio ulioharibu viazi kule Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Kwa hiyo anayepanda nyanya uwanjani mwezi wa Julai bila dawa ajue anacheza kamari.

Mwaka huu nililima matuta ya soko kama ya nyumbani. Mboji niliianza Machi. Chini niliweka vijiti ili hewa ipite, juu yake majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi ya mbuzi, jivu kidogo na udongo, halafu nikarudia tena hadi rundo likanifika kifuani. Nililifunika kwa majani ya migomba. Katikati nilichomeka kijiti kirefu. Ukikichomoa kikiwa na joto, mboji inaiva. Kikitoka kikavu, ongeza maji. Kila baada ya majuma matatu nililigeuza. Baada ya miezi mitatu lilikuwa jeusi, linanukia udongo wa msitu.

Miche niliipanda mwanzoni mwa Juni, mmoja hadi mwingine sentimita 45, na mstari hadi mstari sentimita 60, ili upepo upite katikati. Chini nilitandaza mabua ya mpunga yaliyoletwa kutoka Mwea. Mabua hayo huzuia magugu na kuhifadhi maji. Nilimwagilia asubuhi kabla ya shule, wala si jioni, kwa sababu majani yakilala na maji usiku wa baridi hushikwa na magonjwa. Chawa walipotokea niliwaosha kwa maji ya sabuni kidogo, na majani yaliyozidiwa nikayang'oa.

Nisiwadanganye kama nilivyomdanganya yule mama. Mwaka jana nilikuwa nikiuza mafungu kumi na matano kwa wiki, mwaka huu kumi na moja. Majani mengine yana matundu, na wateja wawili waliniacha. Lakini sikununua dawa hata chupa moja, na pesa za chakula zimetosha. Sasa mtu akiniuliza kama hata sisi tunakula, namjibu bila kuangalia chini.

Tena nisisitize kwamba si kila kitu cha asili ni salama. Samadi mbichi ikiwekwa kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa inaweza kuleta minyoo na maradhi ya tumbo. Lazima iive kwanza. Maji ya tumbaku ambayo wazee wengine hunyunyizia wadudu ni sumu pia, ingawa hayakutoka dukani.

Wengine husema mambo haya ni ya wazungu wenye pesa. Si kweli. Ni kweli kwamba mwaka 1962 Mmarekani Rachel Carson alichapisha kitabu kilichoonya dunia juu ya DDT na dawa nyinginezo, na kwamba mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani. Lakini hapa Kenya, Taasisi ya Kilimo Hai, ijulikanayo kama KIOF, ilianzishwa mwaka 1986, kabla sisi hatujazaliwa. Na mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana viwango vya pamoja vya mazao ya namna hii, yakapewa alama iitwayo Kilimohai. Angalieni, wanachama wenzangu, alama yenyewe ni neno la Kiswahili! Wala bibi zetu hawakungoja kusomewa kitabu chochote. Managu na terere zilikuwa mezani pao bila bomba la dawa.

Wasio na shamba je? Wengi wetu tunakaa vyumba vya kupanga karibu na steji. Chukua gunia, weka kopo la kilo moja lililotolewa kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo na mboji, vuta kopo juu, endelea hivyo hadi gunia lijae. Maji yatashuka kupitia kokoto. Toboa ubavuni upande miche. Mboga za gunia moja si za kutajirisha mtu, ila utapunguza safari za kununua.

Namalizia kwa ombi linalotuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili hasa. Baada ya kisa changu niliitafuta ile chupa ya dawa. Siku za kungoja kabla ya kuchuma zilikuwa zimeandikwa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Cucu haoni herufi zile. Mimi ninayeziona sikuwa nimezisoma. Tunashinda mashindano ya kukariri mashairi, tunapata tuzo, kisha kile Kiswahili cha kuokoa mtoto wa jirani tunakiacha kwenye chupa. Kwa hiyo napendekeza kila mwanachama, likizo hii ya Agosti, asome kwa sauti maandishi ya kila chupa ya dawa iliyoko kwao, wazazi wakisikiliza. Wataoamua kuacha dawa, waache. Watakaoendelea, angalau wangoje siku zilizoandikwa.

Kwetu matuta bado yako sehemu mbili, moja karibu na zizi na jingine karibu na barabara. Siku hizi cucu huchuma popote.



Mwanachama, Kidato cha Tatu