"Ajuza" Amekosa Nini?

Majuzi nilikuwa nikisikiliza taarifa ya habari redioni pamoja na nyanya yangu. Mtangazaji akasoma habari za "ajuza wa miaka 68" aliyenyang'anywa shamba na jamaa zake. Nyanya, ambaye amemzidi mama huyo kwa zaidi ya mwongo mmoja, akanigeukia: "Mjukuu wangu, huyo mama amekosa nini hata anatukanwa?" Sikuwa na jibu, ilhali mimi ndimi ninayeitwa msomi wa Kiswahili pale nyumbani.

Nionavyo, tatizo huanzia kwenye tafsiri. Neno "old" la Kiingereza halichagui: hutumika kwa kiatu, rafiki, mji na binadamu. Kiswahili huchagua. Kiatu huwa kikuukuu, rafiki huwa wa tangu zamani, binadamu huwa mzee. Ukisema "rafiki mzee" umetaja umri wake, wala hukutaja muda wa urafiki wenu. Hata -kongwe hutegemea mahali lilipowekwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni fahari, na "mwanasiasa mkongwe" ni sifa ya tajiriba. Lakini badili ngeli useme "kikongwe", na mtu yuleyule amekuwa wa kuhurumiwa.

Basi mtafsiri anapokumbana na mwanamke wa umri mkubwa, hufungua kamusi na kukuta kwamba ajuza ni mwanamke mzee sana. Kamusi haijakosea, ila haisemi neno hilo limebeba nini. Asili yake ni Kiarabu, na lina mzizi mmoja na ajizi, mzizi wenye maana ya kutoweza. Isitoshe, katika ngano zetu ajuza aghalabu ni mchawi au kuwadi. Mwenzake wa kiume, shaibu, kwa asili ni mtu mwenye mvi tu. Hata hivyo, ni nadra mno kusikia "shaibu wa miaka 68" katika habari. Mwanamume wa umri huo ni Mzee Fulani, na jina lake hutajwa kwa heshima zote.

Wapo watakaosema kwamba ajuza ni msamiati sanifu. Nakubali. Mimi mwenyewe nililitumia katika insha za shule ya upili nikatuzwa alama, kwani tulifunzwa kwamba neno gumu ndilo neno bora. (Mazoea hayo yametuponza katika mengi, lakini hayo ni ya siku nyingine.) Katika hadithi na tamthilia, ajuza na abaki na mkongojo wake. Mama wa kwenye taarifa ya habari, hata hivyo, ni raia. Katiba ya Kenya ya 2010 inawahesabu waliozidi miaka 60 kuwa wazee katika jamii, na Kifungu cha 57 kinatambua haki yao ya kuishi kwa heshima. Kwa kipimo hicho, baadhi ya wahadhiri wetu wa kike hawako mbali. Nani kati yetu atawaita maajuza?

Mwandishi akiwa na shaka, na amweke mume wa mama huyo katika sentensi ileile. Ikiwa hatathubutu kumwita shaibu, basi na aandike "mama mwenye umri wa miaka 68", au bora zaidi, "Bi." na jina lake.