Kimo kirefu kisitutie hofu ya saratani

Habari kwamba watu warefu wamo katika hatari zaidi ya kupatwa na saratani zimekuwa zikienea, na nahofia kwamba zikifika Hulugho bila ufafanuzi zitazua hofu ya bure. Katika eneo hilo la kaunti ya Garissa, mpakani mwa Kenya na Somalia, hakuna haja ya kijana mwenye kimo kirefu kuambiwa kwamba urefu wake ni maradhi.

Ni kweli kwamba wataalamu wamegundua uhusiano huo. Uchunguzi uliohusu wanawake zaidi ya milioni moja nchini Uingereza, na kuchapishwa mwaka wa 2011, ulionyesha kwamba kila sentimita 10 za ziada za kimo ziliandamana na ongezeko la takriban asilimia 16 la hatari ya saratani kwa jumla. Tafiti nyingine zimeona mwelekeo kama huo katika saratani ya tezi ya shingo, ile iliyo chini ya kikoromeo. Hudhaniwa kwamba mtu mrefu ana chembe nyingi zaidi za mwili zinazoweza kuharibika, au kwamba homoni zilizomkuza utotoni huchangia.

Hata hivyo, asilimia huweza kupotosha. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba watu 10 katika kila 100,000 hupatwa na ugonjwa fulani kwa mwaka. Hatari hiyo ikiongezeka kwa asilimia 20, watakuwa 12. Wale wengine 99,988 watasalimika. Isitoshe, kimo cha mtu mzima hakipunguzwi.

Kinachoweza kupunguzwa ni muda unaopita tangu mtu ahisi uvimbe shingoni hadi aonwe na daktari. Uvimbe mwingi wa tezi hiyo si saratani. Hata ukiwa saratani, ile aina inayotokea zaidi hutibika vyema kwa upasuaji ikigunduliwa mapema. Wanawake hupatwa takriban mara tatu zaidi ya wanaume. Kwa hiyo, mama mfupi mwenye uvimbe unaokua, au sauti iliyokwaruza kwa majuma kadhaa, ana sababu kubwa zaidi ya kumwona daktari kuliko kijana mrefu asiye na dalili yoyote.

Taabu ni kwamba hospitali ya rufaa iko mjini Garissa. Safari ya kutoka Hulugho ni ndefu, na msimu wa mvua magari hukwama njiani. Naisihi serikali ya kaunti ipeleke huko, walau mara chache kwa mwaka, mtaalamu mwenye mashine ya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti na sindano ya kutolea chembe za uvimbe. Hapo watakaofunga safari watakuwa wale wanaohitaji upasuaji kweli. Nao wazee na maimamu wawahimize watu kujitokeza mapema, kwani uvimbe haumsubiri mtu hadi barabara ikauke.