Mnatulipisha Kodi ya Gemu Hata Tusipocheza

Wasee, leo si rivyu. Leo naongea na watu wanaotengeneza gemu za mtandaoni, na nyinyi wenye mnazicheza kaeni hapo kando msikize, juu pesa inayoliwa ni yenu.

Misheni mnajua kutengeneza. Hapo siwezi kuwabishia. Unapewa ramani, unaungana na wenzako wanne, mnapiga zimwi mpaka vidole vinauma, mnagawana dhahabu. Safi. Shida ni ile nafasi inayofuata. Zimwi limekufa, misheni ingine haijafunguka, na gemu haitaki uende. Ifanye nini ikushike?

Jibu lenye karibu kila gemu ya simu imechagua ni hili: ingia kila siku uchukue zawadi. Siku ya kwanza sarafu kidogo, siku ya pili zimeongezeka, siku ya saba sanduku linalong'aa. Ukikosa siku ya sita, pole, anza upya. Wanaita hiyo striki, na wanaihesabu kama mapenzi: angalia, huyu kijana wa Nairobi ameingia siku arobaini mfululizo, anatupenda sana! Mapenzi gani? Hiyo ni kodi ya nyumba. Kodi ndiyo hulipwa tarehe ikifika, iwe ulilala ndani au hukulala.

Hebu angalia hiyo striki ilishonewa nani. Ilishonewa mtu mwenye wifi ya nyumbani isiyoulizwa bei, simu inayolala kwa chaja, na chumba chake cha kufunga mlango. Huyo kuingia ni nusu dakika kabla apige mswaki. Haimgharimu kitu, kwa hivyo hata hajui kuna kitu analipa.

Sasa mchukue huyo huyo umhamishie Gatwekera, pale Kibera. Bando ni ya saa moja, na saa inaanza kuhesabu ukishanunua, si ukianza kucheza. Unafungua gemu, gemu inakwambia kuna apdeti ya megabaiti 300. Ukimaliza kupakua umebaki na dakika kumi na data ya kutuma meseji tu. Na hiyo ni siku nzuri, yenye stima iko. Siku mbaya transfoma imelipuka, simu imezima, na mwenye kibanda cha kuchaji ako na laini ya simu ishirini mbele yako.

Najua kijana mmoja hapo, yuko sekondari, jina siweki. Kwa ile gemu yao, nayo jina siweki, alikuwa ndiye mganga wa klani: wengine wanapigana, yeye anakaa nyuma anawaponya. Mkienda bila yeye mnarudi maiti. Nilimuuliza siku moja huwa anacheza masaa mangapi. Akaniambia, "Bro, siku hizi sichezi. Naingia tu."

Soma hiyo tena. Kila jioni ananunua bando ya mbao, anafungua gemu, anabonyeza sanduku, anafunga. Piga hesabu: mbao mara siku 30 ni bob 600. Mwanafunzi analipa mia sita kwa mwezi ndio asicheze. (Mama yake akisoma hii atanitafuta.) Halafu ikafika wiki pesa ikakosekana nyumbani, akakaa nje siku nne, na klani ikamtoa. Usimlaumu kiongozi wa klani, yeye pia amefungwa. Viti ni hamsini, kila wiki klani zinapangwa kwa pointi, na mtu asiyeingia ni kiti kisicholeta pointi. Gemu ndiyo imeandika sheria, halafu inamtuma rafiki yako akufukuze. Kuna watu hulipwa mshahara kufikiria hivyo vitu.

Kuna mwenye atasema, "Si aitoe tu hiyo gemu, kwani ni lazima?" Huyo hajawahi kuwa na marafiki wanne, mmoja Mombasa, mmoja Kampala, wawili Dar, wenye hawajui unaishi wapi na wanakuheshimu kwa kazi yako. Kijana hakufungwa na sanduku. Alifungwa na watu, halafu gemu ikaweka sanduku mlangoni ikamwambia lipa ndio uwaone.

Sasa twende Kawangware, panda 46 tushuke pale 56. Huko ndani kuna mabanda ya PS. Mabati, TV mbili, padi nne, na moja yazo inavuta kushoto yenyewe. Mechi ni mbao, anayeshindwa analipa na kutoka, mshindi anabaki. Jumamosi jioni wanaocheza ni wanne. Waliokaa wakingoja wanaweza fika kumi na tano, na wengine hawana hata ashu mfukoni.

Wanafanya nini? Kila kitu. Kuna mtangazaji mwenye hajawahi shinda mechi lakini akishika mdomo, mechi ya watu wawili wa kawaida inakuwa fainali ya Champions League. Kuna kocha wa benchi. Kuna wawili wanabishana kuhusu Arsenal na hawajaangalia TV tangu saa nane. Mtu ametumwa mutura na hajarudi, na sasa hiyo pia ni stori. Mtoto wa darasa la nne amepewa padi isiyounganishwa na kitu na anaamini anacheza. Ukiniuliza mimi, gemu yenyewe iko hapo, katikati ya zamu na zamu. Mechi ni kisingizio.

Na mwenye banda hampi mtu zawadi ya kufika kila siku. Hajawahi kuambia mtu, "Jumanne hukuja, kwa hivyo leo unaanzia nyuma." Msee akienda ushago wiki mbili kwa mazishi, akirudi anapigiwa kelele, anatukanwa kidogo, na mtu anampisha zamu ili waone kama mkono umeshika kutu. Kukaa mbali kumemwongezea bei.

Msiniambie hiyo haiwezi kuwekwa ndani ya gemu. Iliwekwa zamani. World of Warcraft ilipokuwa kwa majaribio, kabla itoke 2004, Blizzard walijaribu kupunguza XP ya mtu aliyecheza muda mrefu, ili apumzike. Wachezaji wakachemka. Basi wakageuza maneno na hesabu ikabaki karibu ile ile: XP ya juu wakaiita bonasi ya aliyepumzika, ya chini wakaiita ya kawaida. Malalamiko yakaisha. Ukitoka ukiwa kwa nyumba ya wageni au mjini, bonasi inajijaza ukiwa haupo, na ukirudi baada ya siku kadhaa unapanda haraka. EVE Online, ya 2003, ilienda mbali zaidi: rubani wako anaendelea kujifunza ujuzi hata kompyuta ikiwa imezimwa. Hizi gemu zina umri kuliko wengi wenu mnaosoma hapa, kwa hivyo mtu asiseme teknolojia bado haijafika.

Yenye mimi naikubali zaidi ni Star Wars Galaxies, pia ya 2003. Ukipigana sana unapata uchovu wa vita, na dawa yake haikuwa chupa ya kubonyeza. Ilibidi uende kwenye baa, ukae, uangalie wachezaji wengine, watu halisi, wenye kazi yao ndani ya gemu ilikuwa kupiga muziki na kudansi. Ukiwaangalia unapona. Na sasa umekaa, utafanya nini? Utaongea. Utaulizana misheni ya nani ilienda vipi, utapata mtu wa kwenda naye ingine. Kulikuwa na watu walinunua gemu ya vita vya angani wakaishia kuwa wanabendi, na wakatulia hapo. Seva zilizimwa Desemba 2011. Kwa haki niseme gemu ilikuwa na matatizo yake mengi, lakini hiyo baa haikuwa mojawapo.

Mbona basi tumetoka kwa baa tukaingia kwa sanduku? Juu sanduku linahesabika. Unaweza kuchora grafu ya watu wangapi wameingia leo, ukampelekea mwenye pesa akatabasamu. Kelele ya benchi utaichora aje? Na hizo namba ni kitu kubwa kuliko mnavyodhani. Desemba 2023 serikali ya China ilitoa rasimu ya sheria yenye ingepiga marufuku zawadi za kuingia kila siku. Siku hiyo hiyo hisa za Tencent zikaporomoka. Januari 2024 rasimu ikatolewa kwa tovuti bila kelele. Si ati mimi ni shabiki wa hao. Hao ndio 2021 waliwaambia wote walio chini ya miaka 18 wacheze saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Jaribu kuleta hiyo Kawangware uone. Lakini angalia nani alishtuka kwanza sanduku likiguswa. Wenye hisa.

Najua mtanijibu aje. Bila striki watu wataondoka, bila watu seva inakufa, na sisi pia tunakula. Kuleni! Uzeni skini, uzeni kofia, uzeni densi. Mimi mwenyewe niko na koti la dhahabu kwa gemu fulani, halinikingi na risasi yoyote, na nalivaa kila siku. Lakini angalieni vizuri mtu hufuta gemu lini. Wasee wengi nimewaona wakifuta, ni siku ile striki imekatika. Siku 63 zimekuwa sifuri, anaona hana tena cha kulinda, anafuta apate nafasi ya picha. Kamba yenu ndiyo imemtoa.

Hii nayo ni ya watengenezaji wa hapa kwetu. Nairobi haijaanza gemu jana. Kulikuwa na Ma3 Racer ya matatu, ikaja Nairobi X yenye wageni wa angani wanavamia jiji. Sai kuna vijana wanapanga gemu za kucheza wengi mtandaoni, na nikionyeshwa, kabla hata nione shujaa ni nani, naonyeshwa kalenda ya zawadi, siku ya kwanza mpaka ya saba, imenakiliwa vile ilivyo. Bro. Umekulia jiji lenye watu hungoja kutwa, wangoje maji, wangoje stima, wangoje gari, na bado umeenda kunakili kungoja kwa mtu wa California?

Tuko na matatu. Matatu haitoki mpaka ijae. Si hiyo ndiyo katikati ya misheni yenyewe? Timu yako imeingia gari, inangoja wengine. Anaingia mhubiri, anaingia muuza njugu, anaingia yule wa chaja zenye hufanya kazi siku moja, na wote ni wachezaji halisi, hiyo ndiyo kazi wamechagua, wanalipwa dhahabu ya gemu. Unanunua kwa dirisha. Unabishana na kiti cha nyuma. Mtu mwenye amekaa nje wiki nzima anapewa kiti cha mbele kando ya dereva, na safari yake ya kwanza inazaa mara mbili. Klani haiwezi kumtoa mtu kwa sababu hakuingia, inaweza tu kumwekea kiti. Zawadi ya wiki ikungoje mpaka urudi, isife saa sita usiku. Apdeti ziwe ndogo, na mtu acheze kwanza halafu zipakuliwe polepole. Kwa yote nimetaja hakuna uchawi, ni kazi ya kawaida ya mtu anayeandika programu.

Mkikosa abiria, najua mtajaza maroboti. Gemu nyingi za simu za kupigana hufanya hivyo tayari na mnafikiri hatuoni. Sitawakasirikia sana, juu hata stage wako: wale jamaa hulipwa kukaa ndani ya matatu tupu wajifanye abiria, uingie ukidhani imejaa. Lakini wa stage angalau anakusongea, anakuuliza saa, anakupa matokeo ya Gor hata kama hukuuliza. Roboti yenu ifike hapo. Na makanga, tafadhali, asiwe wa kusema "karibu tena, mchezaji". Awe na mdomo.