Hodi ya mzazi yahitaji karibu ya mwalimu

Uhusiano baina ya wazazi na walimu katika shule zetu za msingi umefika mahali panapohitaji kutafakariwa kwa utulivu. Kwa miaka mingi tumezoea kusoma magazetini habari za wazazi waliovamia shule, wakaifunga ofisi ya mwalimu mkuu kwa kufuli na kumtaka afunganye virago, aghalabu baada ya matokeo mabaya ya mtihani. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka wa 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, lakini ghadhabu haikuondoka nao. Mzazi angali huja juu kwa sababu ya mtoto aliyechapwa, mchango ulioitishwa, au kazi ya nyumbani iliyomshinda mwana na mama.

Katika hali hiyo, ni rahisi kumlaumu mzazi peke yake na kusema kwamba hana adabu. Rai yangu ni kwamba adabu ya shuleni ina pande mbili, na lugha yetu yenyewe inatufunza hivyo.

Mswahili afikapo mlangoni pa mwenzake hupiga hodi. Hodi si amri. Ni ombi linalosubiri jawabu, na jawabu lake ni karibu. Asipojibiwa hurudia, na akipiga ya tatu pasiwe na jawabu, hurudi zake. Aingiaye bila hodi amevunja adabu. Lakini mwenye nyumba aliyesikia hodi akanyamaza makusudi, naye pia amevunja adabu.

Tuanze na hodi. Mzazi afikapo shuleni anapaswa kupitia ofisini, aeleze haja yake, kisha angoje mwalimu atoke darasani. Huku si kumdunisha. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Mzazi akimhoji mwalimu mlangoni kwa dakika 10, amewapokonya watoto wote wa darasa hilo thuluthi ya somo lao, naye alikuja kumtetea mmoja tu.

Kadhalika, ndimi zetu zina masikio yanayozisikiliza. Shuleni mzazi haitwi kwa jina lake. Huitwa Mama Achieng au Baba Kamau. Kwa hivyo, matusi anayomtupia mwalimu mbele ya wanafunzi hayabaki kuwa yake. Yeye huenda zake nyumbani, na mtoto mwenye jina hilo hubaki darasani akiyabeba. Mwalimu naye anayemkemea mzazi kwa ukali hadharani ajue kwamba mtoto huyo anasikia pia.

Huenda msomaji akauliza: je, mtoto akiumizwa, mzazi aendelee kupiga hodi tu? La hasha! Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, katika kifungu cha 36, inapiga marufuku adhabu ya kumwumiza mwanafunzi mwili au kumtesa nafsi. Anayeikiuka huweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili. Mzazi mwenye dai kama hilo ana haki ya kulifikisha kwa mwalimu mkuu, kwa bodi ya shule, kwa Tume ya Kuajiri Walimu (TSC), na hata kwa polisi. Lakini akimzaba mwalimu kofi, mlalamikaji hugeuka mshtakiwa, na kilio cha mtoto husahauliwa.

Na sasa tuje kwenye karibu, ambayo ndiyo adimu zaidi. Vibao vya malangoni huwaagiza "wageni wote" waripoti ofisini, na mzazi huhesabiwa miongoni mwao. Hapa neno limetupotosha. Mgeni hana sehemu katika nyumba anayoizuru. Mzazi ni mwenyeji. Madarasa mengi nchini yalijengwa kwa harambee za wazazi, na ujio wa elimu ya msingi bila malipo mwaka wa 2003 haukufuta jasho hilo. Sheria niliyoitaja inampa kila mwenye mtoto shuleni uanachama katika chama cha wazazi. Fauka ya hayo, mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unamtaka awe mshirika katika masomo ya mwanawe. Itakuwaje mshirika huyo aitwe tu panapotakiwa pesa, kisha ajapo na swali aachwe benchini tangu asubuhi hadi adhuhuri?

Mgeni hasa ni mwanasiasa anayekatiza masomo ili awahutubie watoto, au mfadhili anayewapiga picha bila ridhaa ya wazazi wao. Hao ndio wanaostahili kungojeshwa langoni. Ajabu ni kwamba mara nyingi wao ndio wanaofunguliwa lango kwa nyimbo.

Kwa walimu, na kwa vijana wanaosomea ualimu, nina pendekezo lisilogharimu kitu. Shule na itangaze siku na saa ambapo mzazi ataonana na mwalimu bila kuitwa. Malalamiko na yaandikwe daftarini, na mlalamikaji aambiwe lini atajibiwa. Mzazi naye, akipewa mlango huo, hatakuwa na udhuru wa kupitia dirishani. Hodi ikiitikiwa mara ya kwanza, hakuna haja ya kuvunja mlango.