NGUZO SI TAA



Kila tuambiwapo kuwa kijiji fulani kimepata umeme, sisi twauliza: ni nani hasa aliyeupata? Nguzo zikishasimama kando ya barabara, transfoma ikatundikwa karibu na skuli, na mkubwa akaja kubonyeza swichi mbele ya wapiga picha, hesabu hufungwa. Mjane ambaye nyumba yake iko nyuma ya minazi, asiyekuwa na fedha za nguzo ya ziada, za mita wala za kutia waya ndani, naye huhesabiwa kuwa ameangaziwa, ilhali angali na kibatari chake.

Hesabu ya namna hii si uzushi wetu. Serikali ya India ilitangaza mwezi wa Aprili 2018 kuwa vijiji vyake vyote vimefikiwa na umeme. Kwa kanuni yake, kijiji kilitosha kuitwa hivyo endapo majengo ya umma na nyumba 10 katika kila 100 zimeunganishwa. Wale 90 walimezwa na tangazo! Kanuni hiyo isije ikaingia kwetu kwa mlango wa uani.

Hatuukatai umeme, wala hatumwonei choyo aliyeupata. Watu wa Uroa waliupata mwaka 1990, zaidi ya miaka 100 tangu kujengwa Beit al-Ajaib, na walistahiki mapema zaidi. Pampu ya maji ikienda kwa umeme, mwanamke hupunguziwa safari za kisimani. Hilo kwetu ni kubwa kuliko redio na feni.

Lakini transfoma isiyofikiwa na umeme ni chuma kitupu. Mwaka 2008 Unguja ilikaa kizani kadiri ya mwezi mmoja; kisha, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ikakaa tena miezi mitatu, kwa kuwa ilitegemea njia moja tu ya chini ya bahari kutoka Bara, iliyowekwa mwaka 1980. Nguzo zilisimama vile vile. Je, siku hizo vijiji vilifutwa katika orodha ya vyenye umeme?

Basi twataka kila shehia ibandikiwe hadharani hesabu yake: nyumba ngapi, mita ngapi, mita ngapi hukaa miezi bila ya kutiwa fedha, na siku ngapi umeme haukuja. Masheha huteuliwa na Serikali, nao hujua hata idadi ya kuku wa kila mwanachama wetu. Kazi hii haiwezi kuwashinda.