Basi Nani Avute Kamba?

Septemba 2017, siku alipomwapisha Profesa Ibrahim Juma kuwa Jaji Mkuu, Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba hatasaini hati ya kumnyonga mtu, na akataka asipelekewe majina. Tafakari ni nani aliyekuwa akisema. Huyu hakuwahi kusifiwa kwa upole. Alitumbua vigogo mbele ya kamera, nyumba za Kimara zilibomolewa wenyewe wakilia, na aliyemkosoa alijua cha kutarajia. Lakini kalamu ya kitanzi ilimshinda kuishika.

Hakuwa wa kwanza. Mzee Mkapa alikaa Ikulu miaka kumi, hakunyonga mtu. Kikwete miaka kumi, naye hakunyonga. Mara ya mwisho Jamhuri ya Muungano kumtundika binadamu ilikuwa katikati ya miaka ya 1990, na aliyezaliwa wakati huo leo anasomesha watoto. Na bado, Mahakama Kuu inapoketi Bukoba, Tabora au Mtwara, jaji anamtazama mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji na kumwambia atanyongwa hadi afe. Jaji hatarajii kwamba itatokea. Karani hatarajii, wakili wa Serikali hatarajii. Mfungwa peke yake ndiye anayelazimika kuliamini neno lile kila usiku.

Niseme bila kuzunguka: huu ni unafiki wa dola. Tumeweka sheria ya kuua, kisha tukagawana woga wa kuitekeleza. Bunge linasema liliikuta. Jaji anasema sheria imemfunga mikono. Askari magereza anasema anangoja amri. Rais anasema moyo wake unakataa. Kila mmoja ananawa kama Pilato, na maji machafu yote anamwagiwa mtu aliyeketi chumbani Isanga au Ukonga, anayesikia funguo alfajiri na kujiuliza kama ni uji unaletwa au ni zamu yake.

Kuhusu jaji, ni kweli amefungwa mikono. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii pa kupumulia: ukishatiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, ni kifo. Wanaonusurika ni mwanamke mjamzito na aliyetenda kosa kabla hajatimiza miaka 18. Aliyeiba kuku huulizwa kama ana la kusema ili apunguziwe adhabu, na atasema ana mke mgonjwa na watoto wanne, na hakimu atalipima hilo. Muuaji hata akisema usiku kucha hakuna mizani ya kumpimia. Tumempa mwizi wa kuku haki ya kusikilizwa kama mtu, kisha tukamnyima yule ambaye kinachoamuliwa ni uhai wake.

Na msidhani kuua kwa kukusudia ni kile tu mnachokiwaza, mtu kukaa chini akapanga kifo cha mwenzake. Kifungu cha 200 kinahesabu kuwa ni dhamira ovu hata pale ulipotaka kumjeruhi mtu vibaya tu, bila nia ya kumuua. Kinahesabu hivyo pia pale ulipokusudia kosa jingine lolote ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu. Kwa hiyo kijana aliyebaki nje ya duka kuangalia njia, mwenzake akamkata panga mlinzi huko ndani, anaweza kusimama kizimbani kwa mauaji sawasawa na mwenye panga. Mtu aliyetaka kumvunja jirani mguu kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, pigo likaenda vibaya, anapewa hukumu ileile ya aliyekodi wauaji na kuwalipa nusu kabla na nusu baada. Sheria isiyoweza kuwatofautisha watu hawa wawili haina haki ya kujiita kali. Ni sheria mvivu.

Kulikuwa na jaji mmoja aliyekataa. Mwaka 1994, Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliwatia hatiani watu wawili kwa mauaji, kisha akagoma kuwahukumu kifo. Aliuliza jambo ambalo wengi hatupendi kuuliza: kunyonga kunafanyikaje hasa? Majibu yalitisha. Mambo huharibika. Kamba huweza kumkata mtu kichwa, au ikamkaba taratibu badala ya kuvunja shingo. Ilielezwa kwamba zimewahi kutokea nyakati askari wakalazimika kuivuta miguu ya mfungwa ili afe upesi, au kumpiga nyundo kichwani. Nyundo. Kwa jina la Jamhuri, kwa mshahara unaotokana na kodi ya mama muuza vitumbua wa Kariakoo. Mwalusanya akasema Katiba inayokataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha haiwezi kukaa nyumba moja na jambo hili. Akawapa kifungo cha maisha.

Shauri likapanda Mahakama ya Rufani, na Januari 1995 ikatoka hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini ameisoma, na ambayo naona ndiyo picha kamili ya tabia yetu. Majaji walikubali. Ndiyo, kunyonga ni ukatili. Ndiyo, kunadhalilisha. Halafu wakasema hata hivyo kunaruhusiwa, kwa kuwa Ibara ya 30 ya Katiba inakubali haki kubanwa kwa maslahi ya umma, na ni juu ya jamii yenyewe kuamua kama inaitaka adhabu hii. Kwa maneno ya mtaani: tunajua ni unyama, ila unyama wenyewe una kibali.

Hayo maslahi ya umma yamekaa wapi? Kama umma wa Tanzania unahitaji watu wanyongwe ili ukae salama, basi kwa karibu miaka 30 tumeishi bila kinga hiyo. Ajitokeze mtu atuonyeshe hasara. Atuonyeshe ni lini nchi ilianza kuoza kwa sababu mnyongaji alikosa kazi. Hoja ya 1995 ilikufa kwa vitendo vya marais wenyewe, na mzoga wake ndio bado unawahukumu watu.

Mtaniuliza: angekuwa mwanao ndiye aliyechinjwa? Ningetaka kumrarua aliyemchinja kwa mikono yangu, na ndiyo sababu hakuna nchi yenye akili ambayo ingenipa mimi kiti cha jaji siku hiyo. Uchungu wa mfiwa ni halali kabisa, lakini hauwezi kuwa kifungu cha sheria. Wengine mtaniletea Maandiko, jicho kwa jicho. Karibuni, maana hapo ndipo kifungu cha 197 kinapoaibika zaidi. Katika Uislamu kisasi ni haki ya jamaa wa aliyeuawa, na jamaa haohao wamepewa mlango wa kusamehe au kupokea dia, na Qurani yenyewe inausifu msamaha huo. Sheria ya Jamhuri imeung'oa mlango huo na bawaba zake. Mama wa marehemu akisimama mahakamani Lindi akasema amemsamehe aliyemuulia mwanawe, atashukuriwa, ataombwa akae, na mshtakiwa atahukumiwa kifo vilevile. Hiyo ni sharia ya nani? Nanyi Wakristo, fungueni kitabu cha Mwanzo. Muuaji wa kwanza duniani, aliyemuua ndugu yake wa damu, aliwekewa alama ili mtu yeyote asimuue. Hakimu wa kesi ile hakuhitaji ushahidi wa mashuhuda.

Sisi tunauhitaji, na ushahidi wetu mnaujua ulivyo. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imekuwa ikirudia onyo lilelile kuhusu kumtambua mtu usiku: kulikuwa na mwanga gani, ulikuwa umbali gani, ulimwona kwa muda gani? Imerudia kwa sababu kesi zinazofika mbele yake ni zilezile. Shahidi alimtambua mvamizi kwa koroboi, au kwa mbalamwezi, huku amejificha uvunguni. Wapo waliohukumiwa kifo kwa ushahidi wa namna hiyo, kisha rufani ikawatoa. Mtu wa namna hii si mwenye duka la jumla wala mwana wa mheshimiwa. Ni mkulima aliyepewa wakili na Serikali, wakaonana mara chache, wakaagana baada ya hukumu. Mwenye fedha ana wakili wa kubishana kwa siku nzima kama kosa ni mauaji au ni kuua bila kukusudia, na katika sheria yetu tofauti ya maneno hayo ndiyo tofauti ya kuishi na kufa.

Kuhusu kuwatisha wauaji sitakaa sana. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalipopamba moto kuanzia mwaka 2007, kitanzi kilikuwepo kwenye vitabu. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni akitetea kauli yake kwamba wauaji hao nao wauawe, na machozi yale nayaheshimu. Watu walihukumiwa kunyongwa kwa uhalifu huo, na bado viungo vya watu viliendelea kutafutwa. Bibi vizee wa Usukumani waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa jikoni, waliuawa chini ya sheria hii hii. Anayeamini mganga kuliko serikali hasomi Kanuni ya Adhabu kabla ya kutoka na panga. Kinachoweza kumtisha ni kujua atakamatwa, na huko kwenye upelelezi hamtaki kuweka fedha.

Kila Februari viongozi wetu husafiri hadi Songea, kwenye makumbusho ya Majimaji, kuwaenzi mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Kilwa Kivinje kuna Mwembe Kinyonga, ulikotundikwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Old Moshi wanamkumbuka Mangi Meli, aliyenyongwa mwaka 1900. Hao wote waliitwa wahalifu, na aliyewanyonga alikuwa na karatasi yenye mhuri. Sisemi jambazi wa leo ni shujaa kama Nduna Songea, mmoja wa walionyongwa siku ile. Nasema nchi yenye makaburi kama hayo ilipaswa kuwa ya mwisho kuamini kwamba mhuri wa dola unatosha kuhalalisha kamba. Mwingereza aliyekuja baada ya Mjerumani akatutungia Kanuni hii ya Adhabu, kisha kwao akaacha kunyonga wauaji tangu miaka ya 1960. Sisi tumebaki tunalinda mali ambayo mwenyewe ameshaitupa jalalani.

Majirani wametuacha. Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009, na ya Kenya Desemba 2017, ziliwafungua majaji mikono: kifo si lazima tena. Burundi ilifuta adhabu hiyo mwaka 2009, Zambia 2022, Zimbabwe mwisho wa 2024. Lakini nchi inayonisumbua usingizi ni Rwanda. Kama kuna taifa lililokuwa na kila sababu ya kunyonga, ni lile. Aprili 1998 liliwapiga risasi hadharani watu 22 kwa makosa ya mauaji ya kimbari, umati ukitazama. Miaka tisa baadaye, 2007, likaifuta adhabu ya kifo kabisa. Najua hesabu za kisiasa zilikuwemo, kwamba mahakama ya kimataifa iliyokuwa hapa hapa Arusha na nchi za Ulaya zisingeikabidhi Kigali watuhumiwa ili wakauawe. Sawa. Bado walisaini, wakiwa na mafuvu kwenye makanisa yao. Sisi tunasubiri nini?

Arusha hiyohiyo ina Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 28 Novemba 2019 iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi, na ikaipa Tanzania mwaka mmoja kuiondoa kwenye sheria. Mwezi huohuo, siku chache kabla, Serikali ilikuwa imewasilisha taarifa ya kujiondoa kwenye utaratibu unaowaruhusu wananchi wake kuishtaki moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Wenyeji wa mahakama wakawafungia raia wao mlango wa mahakama. Mwaka mmoja ulipita, ukafuata mwingine, na mwingine.

Wapo waungwana wanaoniambia nisihangaike, kwa kuwa hakuna anayenyongwa. Hawa waangalie ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kongo nayo ilikuwa na wafungwa wa kunyongwa ambao hawanyongwi. Utekelezaji ulisitishwa tangu 2003, watu wakazoea. Machi 2024 waraka mmoja wa wizara ukaondoa zuio hilo. Haikuhitajika sheria mpya, kwa sababu ya zamani ilikuwa imekaa palepale kabatini, na makali yake hayajapungua.

Yetu nayo imekaa palepale. Kinachowalinda mamia ya watu leo ni moyo wa mtu mmoja aliye Ikulu. Atakayekuja kesho akiamka na moyo mwingine atasaini hati ishirini kabla ya chai, na hatakuwa amevunja kifungu hata kimoja. Waheshimiwa wabunge, muswada wa kuifuta adhabu hii hauzidi kurasa mbili: kifo kiondoke, jaji arudishiwe kazi ya kupima adhabu, na waliomo ndani hukumu zao zibadilishwe siku hiyohiyo. Atakayeupeleka Dodoma atazomewa jimboni kwake, tena pengine na wafiwa wenye uchungu wa kweli. Avumilie. Ni kwa kazi kama hiyo tunamlipa posho ya kikao.