Rekta akistaafu: nani anachagua mwenye kumfuata, na kwa njia gani?

Katika mji wa Bunia, habari ya rekta anayefika mwisho wa kazi haikai siku mbili ndani ya ofisi. Inashuka sokoni, inapanda pikipiki, inafika Mudzipela kwenye uwanja wa kanisa kuu. Kabla barua yoyote haijasainiwa, watu wanaanza kuuliza: "Mwenye kuja ni mtoto wa wapi?"

Swali hilo linaeleweka. Ila kwa mzazi mwenye kulipa minervali, kuna lingine lenye uzito zaidi: huyo mtu mpya atachaguliwa na nani, na kwa kufuata masharti gani?

Hapa Bunia kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya vyuo vya serkali, kama Iniversite ya Bunia, ISP na ISTM. Huko kiongozi anawekwa kutoka Kinshasa. Anakuja pamoja na kamati ya usimamizi: katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala na msimamizi wa bajeti. Mara nyingi walimu wa hapa wanasikia majina kwa redio, sawa na raia wengine.

Njia ya pili ni ya vyuo vya makanisa. Iniversite Shalom ya Bunia, kwa mfano, ilianza mwaka 1961 kama shule ya teolojia na inamilikiwa na makomuniote kadhaa ya Kiprotestanti, CECA 20 ikiwemo. Waanglikana nao wana chuo chao kikuu hapa mjini. Kule Butembo, Iniversite Katolika ya Graben, iliyoanzishwa mwaka 1989, iko chini ya askofu wa jimbo la Butembo-Beni. Katika vyuo vya namna hii uamuzi unakaa karibu: ni baraza la wenye chuo, au ni askofu.

Kila njia iko na ugonjwa wake. Ile ya Kinshasa iko mbali, na siasa inaweza kuingia ndani bila mtu wa Ituri kuiona. Ile ya makanisa iko karibu, lakini ukaribu nao unaleta kubembelezana: kila upande unahesabu ni zamu ya nani, na wasomi wenyewe wanaogopa kuonyesha kwamba wanataka kazi.

Historia ya nchi yetu inafundisha jambo. Iniversite Lovanium ya Kinshasa ilianza mwaka 1954 ikiongozwa na padri Mbelgiji, Mgr Luc Gillon. Aliijenga kwa zaidi ya miaka 10, na wengi waliona chuo na yeye ni kitu kimoja. Mwaka 1967 nafasi yake ilichukuliwa na Tharcisse Tshibangu, Mkongomani wa kwanza kuwa rekta pale, kijana wa miaka 34 hivi. Chuo hakikuanguka. Kilichokitikisa kilikuja baadaye, mwaka 1971, serkali ya Mobutu ilipounganisha vyuo vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi kuwa kimoja, UNAZA, vyote vikiongozwa kutoka juu. Ilichukua miaka 10 kabla ya kuvitenganisha tena mwaka 1981. Kumbe mtu mkubwa anaweza kuondoka na chuo kikabaki. Chuo kinachopoteza uwezo wa kuamua mambo yake ndicho kinachopata taabu ya kweli.

Ng'ambo ya Ziwa Albert, Makerere wanafanya kwa namna nyingine. Sheria ya Uganda ya mwaka 2001 inataka kuwe na kamati ya kutafuta wagombea. Nafasi inatangazwa, watu wanaandika barua za kuomba, wanahojiwa, kisha majina yanapelekwa kwenye baraza la chuo. Muhula ni wa miaka 5. Ndivyo Profesa Barnabas Nawangwe alivyoingia mwaka 2017 na kuongezewa muhula wa pili mwaka 2022. Malalamiko hayakosekani: wagombea wanagombana na kesi zinafika mahakamani. Lakini mtu aliyeshindwa anajua alishindwa wapi, na mbele ya nani alishindwa.

Kwa Ituri jambo hili lina uzito wa pekee. Vita vya 1999 hadi 2003 viligawa mji huu mtaa kwa mtaa, na Mudzipela ilionja uchungu huo. Darasa la chuo kikuu ni moja kati ya mahali pachache ambapo watoto wa jamii zote wanakaa kwenye benchi moja na kusahihishwa na mwalimu mmoja. Rekta mpya akiingia gizani, hata akiwa mtu mwema na msomi mzuri, watu watatafuta sababu ya kuwekwa kwake katika kabila lake. Mwanafunzi aliyeanguka mtihani atasema ni hivyo. Mwalimu aliyenyimwa cheo pia atasema ni hivyo.

Kuna wanaosema dawa ni kugawana zamu kwa jamii. Baada ya damu iliyomwagika, wazo hilo halifai kudharauliwa: usawa unapaswa kuonekana. Lakini zamu inayopangwa kwa siri inazaa mashaka yale yale. Afadhali usawa uonekane ndani ya kamati inayochagua, watu wa pande zote wakisoma majalada yale yale, kisha achaguliwe mwenye kufaa.

Hatari nyingine ni ukaimu usio na mwisho. Kaimu anaogopa kuamua: mikataba ya walimu inangoja, hesabu hazifungwi, na mwanafunzi anayehitaji sahihi kwenye karatasi yake anaambiwa arudi kesho. Kaimu awekewe tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza.

Halafu kuna yule anayeondoka. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Rekta mstaafu anaweza kufundisha na kusimamia kazi za wanafunzi, na hekima yake ni mali ya chuo. Lakini ofisi, muhuri na akaunti ya benki avikabidhi kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Akabidhi pia marafiki wa chuo, yaani wale wafadhili na vyuo vya nje waliomjua yeye kwa jina. Asipofanya hivyo, misaada inastaafu pamoja naye.

Mzazi wa Mudzipela hana kura katika baraza la chuo, wala hapigi simu kwa waziri. Anaweza hata hivyo, kupitia kamati za wazazi, shirika la raia na makanisa, kuuliza mambo manne mapema: nafasi itatangazwa lini, masharti yameandikwa wapi, nani anakaa kwenye kamati ya kuchagua, na kaimu anamaliza siku gani. Wakati wa kuuliza ni mwaka mmoja kabla mzee hajafunga mlango wa ofisi. Jina likishasomwa kwa redio, watu watabaki kuuliza kabila tu.